Siku Tuliyomzika Chibago Akicheka

"Mbona wanacheka?"

Aliyeniuliza alikuwa Bwana DC, Mwingereza, bomani, mchana wa jua kali, huku mashine ya kunasia sauti ikizunguka mezani kwake. Mimi nilikuwa binti mwenye shahada ya chuo kikuu kutoka Kampala, na mdomo ambao baba yangu alisema ungenifikisha jela kabla haujanifikisha kwa mume. Hadi siku hiyo nilikuwa nimeuliza maswali mengi kuliko niliyoulizwa, na machache niliyoulizwa niliyajibu. Hilo lilinishinda. Nje, kwenye benchi, alikuwa amekaa mtu ambaye jibu langu lingemfunga.

Ninyi vijana mnaoingia leo kwenye kazi ya filamu mmenitaka niwaeleze nilivyoanza. Nadhani mnangoja habari za wito na kipaji. Sina. Niliingia kwenye kazi hii kwa sababu sikutaka kufundisha wasichana kudarizi.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti kwetu Misigiri, na aliponiona nimerudi na shahada alinitafutia nafasi haraka kwenye shule ya wasichana, nipoe. Siku ya kwanza nilimwuliza mkuu wa shule kwa nini tunawafundisha watoto kudarizi vitambaa vya meza wakati makwao hakuna meza. Akasema swali hilo halina adabu. Nikasema sikuuliza kama lina adabu, nimeuliza kama lina jibu. Jioni nilikuwa njiani kurudi nyumbani na sanduku langu.

Ndipo zikaja habari kwamba Waingereza wameshuka Itigi na makasha mengi, wanatengeneza filamu, na wanatafuta mtu anayejua Kiingereza na "lugha ya wenyeji". Lugha ya wenyeji! Kana kwamba Mnyiramba, Mnyaturu na Mgogo walinyonya titi moja. Kigogo nilikuwa najua kusalimia tu. Nikaenda nikasema najua.

Filamu yenyewe ilikuwa hadithi ya siasa na risasi. Katika nchi isiyotajwa jina, kiongozi anayependwa na watu anapigwa risasi akishuka kwenye treni, na mwandishi mmoja wa gazeti anamsaka muuaji huku wakubwa wakimzibia njia. Muuaji ni nani? Nilimwuliza mwongozaji, mtu mfupi mwenye masharubu ambaye sisi tulimwita Bwana Tena, maana hata picha iwe nzuri vipi alipiga kelele "Tena!" Akanijibu kwamba atajua akifika London. Kwa hiyo tulimpiga picha kila mtu akiwa ameshika bastola: waziri, karani wa Gavana, kaka wa marehemu, hata mwuza tiketi wa stesheni. Nilijifunza mapema kwamba katika hadithi za fumbo, wa mwisho kujua ni yule aliyeitunga.

Serikali ilikuwa imetoa kibali kwa sharti moja. Wakati ule mkutano wa siasa haukufanyika bila ruhusa, na ruhusa haikutoka. Kwa hiyo katika filamu yetu ya siasa, hotuba za siasa zilikatazwa. Kiongozi wetu aliruhusiwa kufa, lakini hakuruhusiwa kusema.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutafsiri. Ya pili, ambayo ndiyo nimeifanya hadi nikastaafu, nilifundishwa na Bi Doroti. Huyu alikuwa mwanamke mwembamba wa Kiingereza, kofia imefungwa kidevuni kwa skafu, sigara haimtoki mdomoni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha picha zinafuatana. Filamu haipigwi kwa mpangilio wa hadithi. Mtu anafungua mlango leo, anaingia ndani wiki ijayo, na lazima aingie na vumbi lile lile, kifungo kile kile kimefunguka, jasho lile lile.

"Usitazame uso," aliniambia. "Uso unajitazama wenyewe, kila mwigizaji anajua uso wake uko wapi. Tazama mikono. Tazama kamba za viatu. Na kuku."

"Kuku?"

"Kuku hawana mfuatano."

Alisema kweli. Itigi pale kuku mmoja mwekundu aliingia kwenye picha ya waziri, na ilitubidi kumfukuza kuku huyo huyo apite pale pale kila tulipoirudia ile picha, mpaka mwenye kuku akamchinja kwa ajili ya wageni. Mkiitazama filamu ile leo, waziri anaanza sentensi akiwa na kuku mwekundu na kuimaliza akiwa na jogoo mweusi.

Halafu kuna habari ya mwandishi wa gazeti. Mwigizaji wake, kijana mzuri wa London, alimwona mrina asali akitoka kwenye vichaka vya Itigi na akataka kuona mzinga kwa karibu. Nilimwambia asiende. Akaenda. Nyuki wakamvimbisha upande wa kushoto wa uso ukawa kama mkate. Bwana Tena hakuweza kungoja. Akampiga picha upande wa kulia tu, siku zote, mpaka tukafunga mizigo. Baadaye wenye magazeti yao huko waliandika kwamba kijana yule ana namna ya ajabu ya kutazama watu kwa pembeni, kama mtu anayeficha jambo. Alikuwa anaficha shavu. Ndiyo maana nawaambia, msome maoni ya wahakiki, lakini msiyaamini kabla hamjauliza kulikuwa na nyuki gani.

Leo mnashika simu, mnapiga picha, mnatazama hapo hapo kama kifungo kilikuwa kimefungwa. Sisi tulikuwa na macho. Filamu ilisafiri kwa treni hadi pwani, ikapanda ndege, ikasafishwa London, na makosa yako uliyajua umeshasahau ulikuwa wapi. Sisemi wakati wetu ulikuwa bora. Ningeipata simu yenu siku zile ningemsamehe hata yule kuku.

Lakini mlitaka habari za Kintinku.

Mazishi ya kiongozi hatukuyapigia Itigi, kwa sababu vichaka vya kule vimesongamana kiasi kwamba kamera inaona pua yake tu. Tukashuka na reli hadi Kintinku, kwenye uwanda wazi, ukitazama unaona watu wakija kutoka mbali. Bwana Tena alitaka hivyo: umati wa watu wenye huzuni, jeneza, vumbi, kimya.

Mwigizaji wa kiongozi alikataa kulala jenezani katika joto lile. Tukatafuta mtu wa kimo chake, akapatikana Chibago, Mgogo mwenye ng'ombe, mtu mrefu mtaratibu, aliyekubali kwa sharti kwamba kifuniko kisifungwe. Siku ya kwanza mambo yalikwenda kizungu kabisa. Watu walisimama, wakainamisha vichwa kama walivyoambiwa, wakanyamaza. Bwana Tena alifurahi sana. Mimi niliona watu wanaongoja treni iliyochelewa.

Siku ya pili akataka kilio. "Waambie wanawake walie," akasema.

Nikawaambia kwa Kiswahili. Wakanitazama. Mke wa Chibago akauliza, "Tulie nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni mchezo."

"Kilio hakina mchezo, binti."

Basi Bwana Tena, ambaye hakuwa mjinga, akaamuru jeneza lisogezwe mbele yao, Chibago ndani, macho yamefumbwa, mikono kifuani, unga umepakwa usoni awe na rangi ya maiti. Mkewe alipomwona vile hakungoja tafsiri yangu. Alipiga ukemi ambao bado ninausikia nikiwa peke yangu, na wanawake wote wakampokea. Kamera ikazunguka. Bi Doroti akatoa sigara mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kosa lilikuwa hapo. Hakuna kati yetu, mimi na shahada yangu nikiwa wa kwanza, aliyefikiri kilio kile kitafika wapi.

Kilifika kwenye reli. Kulikuwa na gengi la mafundi wa njia wakigonga mataruma yanayoshikilia reli karibu na daraja, karibu wote Wanyamwezi kutoka Tabora, na mnyapara wao aliitwa Kashindye. Mnajua wenyewe habari ya Wagogo na Wanyamwezi. Ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akisikia kilio haulizi. Anaweka nyundo chini na anakuja, maana ana kazi msibani, na kazi hiyo haifanywi na mwingine.

Tuliwaona wakija mstari mmoja, wamevaa magunia, mmoja amejifunga khanga na kujitia ujauzito wa majani. Kashindye alikuwa mbele, mtu mnene, sauti kama honi ya treni.

"Shikamoo," nikamkimbilia. "Samahani, hakuna aliyekufa. Ni filamu."

"Marahaba. Kilio nimekisikia mpaka darajani. Kulia bila msiba ni uchuro, kwa hiyo msiba upo." Akachungulia jenezani. "Lo! Chibago! Mgogo huyu! Umekufa kwa njaa ya mwaka gani?"

Maiti akakaza macho. Kisha, kwa pembe ya mdomo: "Ondoka, Mnyamwezi. Nenda kabebe mizigo."

"Jamani, amekufa vibaya huyu! Bado ana matusi ndani. Mtikiseni yatoke!"

Wakamtikisa. Mmoja akarukia kaburi tulilolichimba kwa ajili ya picha, akajilaza, akapiga kelele kwamba kaburi ni fupi, Mgogo ana miguu mirefu ya kukimbizia ng'ombe wa watu. Wengine wakakalia jeneza na kusema halitoki hapo mpaka mbuzi aletwe. Mke wa Chibago, aliyekuwa akilia kwa machozi ya kweli, aliwarushia kiatu, kisha akaanza kucheka huku machozi yanaendelea.

Bwana Tena alikuwa amebadilika rangi. "Waambie waondoke!"

Nikamwambia Kashindye. Akanisikiliza kwa adabu.

"Mwulize Mzungu wako," akasema, "kwao mtu anazikwa na nani? Wafiwa wanalia, hawaoni mbele. Nani atapima kaburi? Nani atamchekesha mjane asije akamfuata mumewe? Ni sisi. Mtu asiye na watani hazikwi, anafukiwa."

Nilitafsiri yote. Bi Doroti akasema, kama mtu wa kazi, "Jana tulipiga huzuni. Leo tuna kicheko. Havifuatani."

"Bi Doroti," nikamwambia, "huku ndivyo vinavyofuatana."

Akautazama umati. Kisha akamgeukia mpiga picha: "Usizime."

Sasa, mtani ana kazi moja kubwa kuliko zote msibani: kumwiga marehemu. Anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, mpaka watu wamwone tena. Kashindye akaniuliza, "Marehemu wenu alikuwa nani? Sisemi Chibago. Wa hadithi."

"Kiongozi mkubwa. Aliyekuwa akihutubia watu."

"Kiongozi mkubwa anayehutubia watu," akarudia polepole. "Mimi namjua mmoja tu."

Akamvua Bwana Tena helmeti yake, ile kofia ngumu ya jua ya Kizungu, akajitia kichwani, akaweka mikono nyuma, akainua kidevu, akaanza kutembea kwa magoti magumu kando ya kaburi. Kabla hajafungua mdomo watu walikuwa wameshamtambua Bwana DC.

"Watu wa Kintinku!" alisema, kwa matamshi yale yale, kila neno limenyooshwa kama nguo kwenye kamba. "Mimi ni rafiki yenu. Lipeni kodi. Punguzeni ng'ombe, ng'ombe wengi ni umaskini. Chimbeni matuta. Serikali inawapenda sana. Kuna maswali?"

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Bwana, mimi nina..."

"Hakuna maswali! Ahsanteni!"

Sijawahi kuona umati ukianguka vile. Watu walishika mbavu, wakainama, wakakaa chini kwenye vumbi. Jeneza lilikuwa linatetemeka, mwisho maiti akakaa kitako, unga usoni umechanika kwa machozi, akasema, "Mnyamwezi, utaniua kweli." Kamera ilizunguka mpaka filamu ikaisha ndani. Mashine ya sauti nayo ilikuwa inanasa. Hata askari aliyeletwa kutulinda alicheka, mpaka alipokumbuka ameajiriwa na nani.

Alipokumbuka, akaenda kushitaki.

Baada ya siku chache niliitwa bomani. Kashindye naye aliitwa, na ikaagizwa mashine iletwe pamoja na tepu. Picha zilikuwa zimeshaondoka na treni. Mashitaka yaliyokuwa yanaandaliwa ni mawili: kuhutubia mkutano bila kibali, na kuidhihaki Serikali mbele ya umati. Moja tu lilitosha kumfunga, na mfungwa hana kazi ya reli, na asiye na kazi ya reli hana nyumba ya reli. Watoto wa Kashindye walikuwa wengi na wadogo. Aliketi kwenye benchi la nje, kofia magotini.

Bwana DC alikuwa bado kijana, shingo imeungua na jua, mpole kuliko nilivyotaka awe. Adui mpole anachosha. Bi Doroti, aliyekuja na mashine, akatega tepu. Mashine ikatoa mlio wa upepo, vilio, matusi ya kuhusu njaa na mizigo, kisha ile sauti: "Watu wa Kintinku! Mimi ni rafiki yenu."

Nilitazama sakafu. Nikasubiri ngurumo.

"Huyu ndiye Kashindye?" DC aliuliza.

"Ndiye, Bwana."

"Anasema Kiswahili kizuri sana." Akainamisha kichwa akisikiliza. "Matamshi safi. Wengi hapa hawasemi hivi."

Bi Doroti alianza kuchunguza dari.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea. Mwenye matamshi yake hayasikii, na siku zile ni wachache waliowahi kusikia sauti zao wenyewe zikitoka kwenye mashine. Helmeti haikuwemo kwenye tepu. Magoti magumu hayakuwemo. Kidevu hakikuwemo. Yalikuwemo maneno tu, na maneno yalikuwa ya Serikali, neno kwa neno.

Akaamuru irudiwe. Akamwita askari. "Uliniambia ameidhihaki Serikali. Amesema watu walipe kodi, wapunguze ng'ombe, wachimbe matuta. Haya ni maneno yangu mimi. Dhihaka iko wapi?"

"Bwana, ilikuwa namna alivyosema."

"Namna gani?"

"Ile namna, Bwana."

"Ipi?"

Askari alinitazama, akamtazama Bi Doroti, kisha akapiga saluti, maana lilikuwa ndilo jibu pekee alilofundishwa.

DC akanigeukia. Tepu ilikuwa bado inazunguka, na chumba chote kilikuwa kimejaa kicheko cha Kintinku. "Wewe umesoma," akasema. "Kama mtu huyu anasema kweli, mbona wanacheka?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua. Miaka yote nilikuwa nikiomba Mwingereza mmoja aniulize swali la kweli, nimpe jibu lake lote, na sasa alikuwa mbele yangu ameliuliza, na kupitia dirishani nilikuwa naona kofia ya Kashindye ikizungushwa magotini.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Alingoja, kama anayejua kuna zaidi. Mashine ikafika mwisho, tepu ikawa inapigapiga. Mwishowe akasema hawezi kumshitaki mtu kwa kuwaambia watu walipe kodi. Lakini tepu akaizuia. Akaifungia kabatini, na nadhani baadaye aliisikiliza tena akiwa peke yake.

Nje, Kashindye aliinuka haraka. "Amesemaje?"

"Amesema Kiswahili chako ni kizuri."

Alikaa tena benchini. Kisha akavaa kofia yake. "Maskini," akasema. "Na mimi nilikuwa nakiharibu kwa makusudi."

Tukirudi, Bi Doroti aliniambia jambo ambalo nimewafundisha wote waliopita mikononi mwangu. Picha na sauti ni mke na mume. Mbele ya watu wanasema jambo moja, lakini ukiwatenganisha kila mmoja anakuwa na ushahidi wake. Kabla hamjaogopa, ulizeni ni yupi aliyeitwa mahakamani. Hapo hapo akaniuliza kama niko tayari kuifanya kazi hii kwingine. Baba yangu alifunga na kuomba. Mimi nikafunga sanduku.

Filamu ilipotoka ilipigwa marufuku kuonyeshwa katika nchi yetu, kwa hiyo Kintinku hawakuiona. Hata mimi niliiona nikiwa na mvi, katika ukumbi mmoja wa London uliokuwa ukionyesha filamu za zamani zilizopata heshima uzeeni. Muuaji, kwa wanaotaka kujua, ni yule mwuza tiketi. Filamu za wengine wote wenye bastola ziliungua wakati wa kusafishwa. Na mazishi yamo. Kashindye yumo, amevaa helmeti, mdomo unakwenda, lakini chini ya mdomo wake wameweka kinanda cha kanisani, na ukimtazama unadhani ni ofisa fulani anatoa rambirambi. Umati umo, umeinama, unashika mbavu, machozi yanawatiririka, midomo wazi. Na sauti inayotoka kwenye midomo ile ni kilio. Mama wa Kiingereza aliyekaa karibu nami alifuta macho, akaninong'oneza kwamba watu wale walijua kweli kuhuzunika.

Nilimwendea Bi Doroti, aliyekuwa mzee sana kwa wakati ule, nikamwuliza kile ni kilio cha nani. Akanieleza kwamba sauti yetu ilikuwa imebaki bomani, kwa hiyo studio iliwaita akina mama wapika chai wa kantini, ikawasimamisha mbele ya picha ile, ikawaambia walie. Hakuna aliyewaambia Kintinku ni wapi, wala Kashindye ni nani, wala anamwiga nani. Walianza kulia, wakaitazama picha, wakaangua kicheko. Bwana Tena akapiga kelele yake ya siku zote. Wakarudia, wakacheka tena. Mwisho iliwabidi kugeuzwa, waipe picha mgongo, ndipo wakaweza kulia.